Kileleni Hewa Haiongezeki

Ruring'u, Jumanne, Julai 1999

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vyangu ni baridi, lakini moyo unachemka.

Bosi wangu hupeleka wageni mlimani, na mimi humtengenezea kurasa za tovuti. Wiki iliyopita niliongeza kitu cha kwangu: mgeni anaandika kimo cha kambi, anabonyeza, anaonyeshwa hewa iliyopo kule juu ikilinganishwa na ya Mombasa. Hewa haipungui kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo nilidhani nitarudia kile kitabu cha majedwali ya hesabu tulichobeba sekondari. Wapi! JavaScript, lugha ya kompyuta ninayoandikia kurasa, ina hesabu hiyo tayari ndani yake, inaitwa Math.exp. Unaipa kimo kwa mita, umekigawanya kwa elfu nane, inakupa jibu. Nilicheka peke yangu.

Kumbe nilisahau alama ya kutoa.

Basi ukurasa wangu ukatangaza kwamba kileleni kuna hewa karibu mara mbili ya Mombasa. Bosi akaupenda ajabu, akaita hadi majirani waje waone. Sisi watu wa huku tumesema siku zote kwamba hewa yetu inashinda ya wengine, na sasa kompyuta imekubali!

Jana nililiona kosa. Niliona aibu, nikarekebisha: Math.exp(-kimo / 8000). Kileleni, nusu na kidogo.

Leo Bosi amekuja mbio.

"Wanjiru, hii ni nini? Ati hewa inaisha? Nani atalipa aende mahali hakuna hewa? Rudisha ile ya kwanza."

"Ile ilikuwa makosa, Mzee."

"Hiyo makosa ilikuwa inaleta watu. Kesho nipate umerudisha, ama uwache funguo kwa meza."

Sikukubali. Kaka yangu Ndirangu ni mpagazi huko juu. Mwezi jana walimshusha kijana mmoja mgongoni, anatapika, hata jina lake halijui. Alikuwa amepanda haraka kwa sababu hakuna aliyemwonya kwamba hewa kule ni kidogo. Mtu kama huyo akisoma kwangu kwamba hewa inaongezeka, mimi nitalalaje?

Naihitaji kazi hii. Naogopa, sijifanyi shujaa.

Lakini sirudishi.

Kesho nitafungua ofisi mapema, niwashe kompyuta, niweke funguo mezani kabla hajaniambia. Kisha nitamwonyesha kile kistari cha kutoa. Ni kimoja tu. Akitaka kitoke, akifute kwa kidole chake mwenyewe, nami nikimtazama.