Udongo wa Viazi vya Shangazi

Bweni la Wasichana,
Ghorofa ya Pili, chumba cha mwisho,
Chuo Kikuu.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Baridi ya huko imepungua? Nasikia bado unavaa soksi mbili mbili. Usione haya, vaa hata tatu. Mimi sijambo kabisa, nala, nalala, na mashavu yamejaa, kwa hiyo Mama akikwambia nimekonda usimsikilize. Nyumbani nao ni wazima.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu muongeaji ni wewe peke yako. Leo zamu yangu. Weka chai karibu, ukae vizuri.

Unakumbuka yale makubaliano. Baba alitaka nisome uhasibu, mimi nikang'ang'ania biolojia, wewe ukanitetea mpaka mkatupiana maneno, na tangu hapo wewe na kaka yako mnasalimiana kwa kupitia Mama. Sharti la Baba lilikuwa moja: nisipopata nafasi ya utafiti kabla ya mwaka wa masomo kuisha, nahamia uhasibu bila kelele. Nilikubali haraka haraka, sikujua ninachokubali.

Nafasi yenyewe ni ya kutafuta virusi. Usishtuke, hivi haviui watu. Vinaishi udongoni na vinaua bakteria tu. Mwanafunzi anachukua udongo, anauloweka, anachuja maji yake na kuyatia kwenye kisahani chenye bakteria. Kesho yake bakteria wanakuwa wametanda kama ukungu kwenye kioo. Kama kirusi kimo, ukungu huo unatoboka vitundu vidogo. Ukipata vitundu unabaki maabara chini ya mwalimu, na kirusi unakipa jina mwenyewe. Usipopata, unashukuriwa na kuonyeshwa mlango.

Wenzangu walipata mapema. Mimi nilichimba kila mahali: kwenye vyungu vya maua, kando ya uwanja wa mpira, chini ya bomba linalovuja nyuma ya bweni. Nilitembea na kijiko mkobani mpaka nikaitwa Kijiko, na walinzi walichoka kuniuliza natafuta nini. Visahani vyangu vilitanda ukungu tu, tundu hakuna. Mwalimu wangu, mama mmoja mcheshi tunayemwita Mama Glavu kwa sababu sijawahi kuiona mikono yake, akaniambia, "Hebu jaribu udongo wa kwenu. Ule mweusi, unaonuka."

Nikampigia Mama anitumie udongo wa nyuma ya jiko, pale tunapotupa maganda. Sasa sikia vituko vya wifi yako. Aliona aibu walimu wa chuo kikuu waletewe uchafu. Akauchekecha ule udongo kwa chekeche la unga, akatoa minyoo na mizizi, akauanika juu ya bati mpaka ukawa kama poda, halafu, ili roho yake itulie, akaukaanga! Ndiyo, kwenye kikaango. Ulifika umo kwenye kopo la biskuti, limefungwa utepe mwekundu.

Mama Glavu alicheka mpaka akavua miwani. "Mama yako aje atufundishe usafi," akasema. "Humu hajapona mtu." Tulijaribu hivyo hivyo, tusionekane hatuna adabu. Hatukupata kitu.

Hapo nililia, Shangazi. Muda ulikuwa umekwisha, na nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Baba. Kilichoniuma zaidi ni wewe, maana uliweka neno lako kwa ajili yangu, ukagombana na ndugu yako wa pekee, nami nimekuangusha.

Lakini ndani ya mzigo ule ule Mama alikuwa ametia viazi vitamu. Viazi hivyo hakuviosha, kwa sababu vikioshwa vinaoza njiani. Nikavipeleka kwenye chumba cha chai kando ya maabara, nivichemshe tule pamoja, niwaage wenzangu vizuri. Nimeshika kiazi cha kwanza, nafungua bomba, nasikia sauti ya Mama Glavu mlangoni: "Usioshe! Acha, acha, acha!" Nilidhani nimekanyaga nyoka. Akanipokonya kiazi, akakigeuza geuza. Udongo mweusi ulikuwa umeganda kwenye mikunjo yake yote.

"Huu haujakaangwa," akasema.

Kesho yake kisahani changu kilikuwa kimetoboka. Vitundu, Shangazi! Viduara vidogo, vinapitisha mwanga. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Baadaye tulikitazama kirusi chenyewe kwa darubini kubwa, kina kichwa chenye pembe pembe na mkia mrefu, na vinasaba vyake Mama Glavu anasema havijawahi kuonekana. Nafasi ni yangu mpaka nihitimu. Uhasibu tumeagana nao kwa amani.

Na viazi vyenyewe ni vya marando uliyopanda wewe kabla hujasafiri. Mama anayakata na kuyapanda upya kila msimu.

Nilimpigia Baba. Alisikiliza yote, akauliza kama kinauma. Nikamwambia hakiumi, ni kidogo hata jicho halikioni, ila kikishika jambo hakiachii, na sasa kinatakiwa jina. Hapo hapo akasema, "Kiite Sisimizi."

Sikujua jina hilo ni la nani. Mama ndiye aliyenieleza: ndivyo Baba alivyokuwa akikuita mlipokuwa wadogo, kwa ufupi wako na ubishi wako, na ole wake mwingine aliyethubutu kukuita hivyo. Basi nimeliandikisha. Hata dunia nzima sasa inakuita Sisimizi.

Nisalimie binamu yangu mrefu na mdogo wake mwenye mapengo. Mama anakusalimu sana, anasema ukitaka udongo msafi umwambie. Mungu akulinde, akupe wepesi kazini na usingizi mtamu.

Baba amekataa nikuandikie salamu zake. Atakupigia mwenyewe Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, barua ikishakufika, baada ya chakula cha mchana. Pokea, Shangazi, na umwachie nafasi naye aongee.

Ni mimi mwanao, mbishi mwenzako, nikupendaye popote ulipo,

Kijiko