Lori Jekundu la Baba

Mbinga, Jumanne

Nimerudi mikono mitupu. Baba alikuwa dereva wa lori la makaa kule Ngaka, na maisha yake yote alikusanya malori madogo ya kuchezea. Tangu tumzike kijijini Litembo, kabati lake sijaligusa.

Juzijuzi kampuni inayoyatengeneza ilituma ujumbe kwenye simu yake: tupigieni kura tuwe kampuni bora ya mwaka, na kila atakayetupigia atapata lori jekundu lisilouzwa dukani. Takrima tupu, hongo ya kura! Baba alikuwa akizirudisha kanga za wagombea hapo hapo mlangoni. Lakini jekundu hakuwahi kulipata. Nikapiga kura kwa jina lake.

Leo mzigo umefika ofisi ya basi. Karani wa vifurushi akasoma jina, akaniambia, "Dada, huu anachukua mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Litembo."

"Basi akishuka, aje na kitambulisho."

Nikasema, "Sawa kaka, nitamwambia."

Na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namwambia.