Beseni Aliloomba Joyeuse

Kolwezi, tarehe 9 Machi 2025

Kwa yaya Donatien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Musumba. Natumaini mvua imepungua na daraja limetengenezwa, maana najua ni njia tu iliyokuzuia usifike kumzika mdogo wetu Joyeuse. Usijilaumu. Sisi tupo. Mumewe Mechack hajarudi bado kwenye mashimo ya kuchimba. Anakaa karibu na mtoto wake kutwa nzima. Mtoto ana wiki tatu, na akishiba anakunja mdomo upande mmoja kama Joyeuse.

Barua yako nimeipata. Unasema ukifika utakwenda pamoja na wajomba kwenye ofisi ya afya kumshtaki mama Mado, muuguzi mwenzangu aliyemzalisha Joyeuse, ili afukuzwe kazi. Kabla hujafunga safari, nakuomba usome barua hii hadi mwisho.

Unakumbuka kwamba mwezi wa kwanza kituo chetu kilinituma Lubumbashi, kwenye mkutano wa wauguzi na wakunga. Joyeuse ndiye aliyenipigia pasi bluzi yangu nyeupe ya kazi. Aliunguza kidogo mkono wa kushoto, akacheka, akasema huko watadhani nafanya kazi sana.

Yaya, nilidhani ni hotuba tu na chakula kizuri. Siku ya pili mkunga mmoja kutoka Kasaji alimwaga maji mekundu juu ya vitambaa vya vikwembe, akatuomba kila mmoja aandike ni kiasi gani. Tulikuwa zaidi ya sitini. Karibu wote tuliandika nusu lita. Ilikuwa lita moja na zaidi. Akasema macho yetu yamezoea damu, ndiyo maana yanatudanganya. Tuweke beseni lenye mstari chini ya mzazi, na damu ikifika kwenye mstari tusingoje: tutoe dawa, tuite gari. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Niliporudi nilimweleza Joyeuse yote jikoni. Alivaa kadi yangu ya mkutano shingoni, akazunguka nyumba na tumbo lake akijiita dokta. Kisha akaleta rangi yake ya kucha, tukachora mstari mwekundu ndani ya beseni jipya. Mkono wake ndio ulioshika brashi.

Kazini tuna desturi: aliyetumwa kwenye mkutano akirudi, Ijumaa anawafundisha wenzake. Tunaita restitution. Tata Kankolongo, mkubwa wetu, alinipa siku. Asubuhi hiyo nilipoingia, mama Mado alisema mbele ya wote, “Madame ya Lubumbashi amerudia, tumupigie magoti.” Watu wakacheka. Mado hutania kila mtu, hata wagonjwa. Lakini mimi lilinikaa moyoni. Nikamwambia tata Kankolongo karatasi zangu haziko tayari. Ijumaa ya pili nikasema vilevile. Na ya tatu.

Jumapili ile Joyeuse aliposhikwa na uchungu nilikuwa kanisani. Mado alimpokea, akamzalisha vizuri. Baadaye kila kitambaa kilicholowa alikitoa, akakipeleka kufuliwa, akaweka kisafi, kama tulivyofanya sote siku zote. Kila alichokiona kilikuwa kidogo. Joyeuse alipoanza kutetemeka ndipo gari likatafutwa, na hakufika hospitali.

Kwenye matanga wamama walimwita Mado muuaji, wakamwaga ugali wa bukari alioleta. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, nikatazama chini.

Baada ya wiki moja alikuja tena, akapitia nyuma ya nyumba, akaniuliza jambo moja tu. Alisema Joyeuse alirudia mara mbili, “Mama Mado, leta beseni ya yaya Falonne.” Yeye alidhani anataka kuoga, akamwambia apumzike kwanza. Akaniuliza ni beseni gani hilo.

Lilikuwa chini ya kitanda changu, yaya. Na karatasi zilikuwa tayari tangu Ijumaa ya kwanza. Nilikuwa nangoja Mado aniombe niwafundishe.

Siku ile sikumjibu. Nilimjibu juzi Ijumaa. Nilipeleka beseni kituoni, nikamwaga maji mekundu juu ya vikwembe, wakaandika. Mado aliandika nusu lita. Alipoona kipimo alikaa chini, akafunika uso. Ndipo nikawaambia wote, mbele ya tata Kankolongo, kama nilivyokuandikia hapa. Hakuna aliyenitukana. Mado ndiye aliyeosha beseni na kulipeleka chumba cha kuzalishia.

Kwa hiyo ukija kushtaki, jina la kupeleka ni langu. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Mtoto hajapewa jina, tunakungoja wewe. Msalimie shemeji, na wajomba usiwafiche kitu. Mnapomwombea Joyeuse, ukiweza, nitaje na mimi nyuma yake.

Mdogo wako,
Falonne