Bega Langu na Mashine Isiyo na Macho

Mpendwa mshauri,

Naomba uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Uliponishauri juu ya ugomvi wa mpaka na ndugu yangu tulipatana, nami sikurudi kukushukuru. Leo naomba msaada tena, na tafadhali usilichapishe jina langu, kwa maana katika lokesheni hii mimi ndiye niliyewafundisha vijana wengi walipokuwa jandoni, nikawaambia kwamba mwanamume akikatwa hapepesi jicho, na aliyepepesa tunamjua mpaka leo.

Bega langu la kulia linaniuma tangu mwaka jana, hata siwezi kutupa majani ya chai kikapuni mgongoni, na mke wangu ndiye anayenivalisha shati. Hospitali moja ya misheni ilimpata daktari mgeni mwenye mashine inayopiga mawimbi ya mshindo ndani ya mwili ili kano iliyochakaa ianze kujiponya, nikaenda, tukaketi wagonjwa wote chumba kimoja bila pazia. Daktari akakipitisha kichwa cha mashine begani, kikigonga kama nyundo ndogo, na muuguzi Aoko akaniambia, “Mzee, hii mashine haina macho. Daktari akifika pale panapouma sana, sema.” Nikasema, “Sisikii kitu.” Daktari akaongeza nguvu, jasho likanitoka, nikautazama ukuta.

Aliyenifuata ni kijana niliyemfundisha mwenyewe, nitamwita Kipruto, mwenye maumivu ya kisigino, naye akapiga kelele, “Wui! Hapo! Hapo hapo, daktari, usihame!” Watu wakacheka, nami nikamkemea mbele yao kwamba ametuaibisha. Sasa yeye anakimbia, mimi bega limevimba, na daktari anasema kwamba kwa kuwa sisikii maumivu popote, mashine hainifai, afadhali nipelekwe Nakuru nikapasuliwe. Mke wangu amesema, “Baba watoto, kama kwa daktari hakuna uchungu, basi kesho vaa shati mwenyewe.”

Mashine inaondoka mwisho wa mwezi. Nikirudi nikapiga kelele, nitawatazamaje vijana wale? Nisiporudi, nitapasuliwa kwa sababu ya uongo wangu. Nikishaamua nitakuandikia, safari hii bila kuchelewa.

Mzee wa Sigowet

*

Mzee wangu,

Pole sana. Maumivu yako nayaamini, ingawa daktari hukumpa nafasi ya kuyaamini.

Lakini umekosea, nami sitakubembeleza. Jandoni, mkataji alijua anapokata. Daktari huyu hajui. Anatafuta, na kinachomwongoza ni sauti yako. Ulipomwambia husikii kitu hukuwa shujaa, ulimpoteza njia, naye akakupiga kwa nguvu mahali pasipo na ugonjwa. Mimi nimezaa watoto sita, na kila mkunga aliponiuliza uchungu umefika wapi, nilimwambia, tena kwa kelele. Hakuna aliyeniita mwoga.

Unawaogopa vijana. Je, mmoja wao akiumia tumboni huko kwenye kiwanda cha chai, akamficha daktari maumivu kwa kuyashika mafundisho yako, utasimama kaburini pake useme nini?

Basi rudi kabla ya wiki hii kwisha, wala usikubali kisu kabla daktari hajaujua ukweli. Mwambie Aoko, “Niliumwa nikanyamaza.” Maneno hayo mawili yanatosha. Mwonyeshe uvimbe, na wakisema usubiri upungue, subiri. Ukitaka pazia, omba pazia. Hata shuka iliyotundikwa kwenye kamba inatosha. Kikapu usikiguse mpaka uruhusiwe, hata majani yakikomaa shambani.

Kipruto umwendee kwanza, si baada ya kupona. Mwombe radhi, umwambie kwamba yeye ndiye aliyefanya lililo sawa siku ile. Kisha mwombe akusindikize, akae karibu nawe. Ukipiga kelele huenda akacheka, maana ni kijana. Mwache acheke, mradi daktari amesikia.

Mshauri Bosibori