Chupa Inayonukia Visheti

Kwa mke wangu, Bi Saada,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama bado umeninunia, basi ninunie ukiwa umekaa kitako, maana maneno ni mengi. Vipi kifua chako? Na lile dirisha la uani, fundi alikuja au anakupiga chenga mpaka leo? Mimi huku Maskati mwili mzima, sina homa wala mafua, ila roho haitulii. Nakaa, nasimama. Nakwenda mpaka mlangoni, narudi. Juzi mwenye duka kaniuliza kama nguo zangu zina kunguni.

Hali hii imenianza tangu siku ile ulipoiacha simu mezani ukaondoka. Simu hiyo ya nyumbani kwa Dada Zuhura naipiga kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananiambia uko jikoni, huwezi kuja. Saada, hakuna mtu anayekaa jikoni namna hiyo hata mwezi wa Ramadhani.

Basi nisikilize. Barua yako ya kuomba chupa ya manukato niliisoma dukani, nimesimama mbele ya kabati la mafuta ya haliudi. Uliandika: "Udi usiniletee, wala haliudi. Niletee ile ya kisasa inayonukia kama visheti vilivyotoka kwenye shira sasa hivi. Bibi harusi wa nyumba ya nyuma kaletewa, nimeisikia." Nikacheka peke yangu. Chupa hizo mbona ndizo ninazouza kutwa! Moja inanukia chokoleti, moja vanila, moja sukari iliyoanza kuungua. Mabibi wa huku wanazigombania. Wanajifukiza udi kwanza, kisha juu yake wanajipulizia hiyo tamu, wakipita sokoni utadhani harusi na keki yake vinatembea pamoja. Wazee wanasema ni upuuzi, mtu vipi anukie chakula? Lakini nimewaona wazee haohao wakigeuza shingo.

Nikafungua moja ili nikuchagulie. Wallahi ilinifika tumboni kabla ya puani. Nilikuona uani kwetu, umejifunga kanga kifuani, unavigeuza visheti kwenye sukari kabla haijaganda, na mimi nadokoa cha moto, na wewe unanipiga mkono. Nilisimama na ile chupa mpaka mteja akachoka akaondoka.

Halafu tamu ikageuka shubiri. Nikajiuliza, udi ndiyo harufu ya chumba chetu, mbona Saada haitaki tena? Harufu mpya ya nini, na mimi sipo? Asiyekuwepo na lake halipo, nikawa najiambia, na kila nikijiambia nazidi kuchemka. Nilipokuja kukupigia simu nilikuwa nimeshaiva.

Ukaniambia, "Nnataka kunukia tu, Seif."

Nami nikasema, "Umnukie nani, na mie niko huku?"

Nikasikia simu inawekwa mezani na kandambili zako zinatoka mlangoni. Aliyeinyanyua ni Dada Zuhura, na sauti yake waliisikia mpaka watu waliokuwa wakisubiri zamu yao kwenye simu huku.

"We Seif una akili wewe? Mkeo tangu uondoke hajatia udi! Moshi ukitoka dirishani kwake mtaa mzima si watasema mume karudi? Siku ya maulidi alijifukiza kidogo, kidogo tu, akavaa buibui akatoka. Hata kona hajaikata, wanawake washamuuliza, 'Saada, kaja?' Huyu 'Kaja?', yule 'Kaja?' Akarudi ndani, akavua, akazirowesha zile nguo, maulidi asende tena. Sasa kapata harufu ambayo mtu akiisikia atasema huyu katoka kupika, basi. Na wewe unamuuliza amnukie nani!"

Akaongeza na jingine, ila hilo siliandiki, labda mabinti watakuja kuisoma barua hii.

Saada, jambo lenyewe nalijua tangu utotoni. Nimekulia uchochoro huohuo. Udi ukinukia kwa mke wa baharia, mama alikuwa akisema, "Fulani kesharudi," na kweli jioni tukimuona barazani. Lakini sikupata hata siku moja kufikiri, siku ambazo hakurudi yule mwanamke alinukia nini. Sisi wanaume tunaondoka tukidhani tumeacha nyumba imefungwa vizuri. Kumbe aliyefungwa ni mtu. Umekaa miaka yote hii ukinukia sabuni ya kufulia, na mimi huku nimezama kwenye manukato mpaka kichwa kinauma. Nimeona aibu, na uchungu umenishika.

Nilitaka nione kama hila yako itafaa. Chupa niliyokuchagulia nikajipulizia shingoni mle chumbani tunamolala, mimi na Makame, yule dereva wa kwao Makunduchi. Akaingia kutoka kazini, akasimama, akavuta pumzi. Akafunua sufuria. Akafunua na ya pili. Akainama chini ya kitanda changu.

"Seif, visheti umevificha wapi?"

Nikamwambia hakuna visheti. Hakuniamini, alilala kanuna. Kwa hiyo jua kwamba hila yako ni nzuri, hata mwanamume mwenye njaa haikumjia akilini kuwa yale ni manukato.

Chupa anakuletea shangazi yake Makame, anaondoka wiki hii. Ni yako. Jivalie maulidini, harusini, Forodhani, na jikoni ukipenda, na mtu asikuulize kwa nini, nikiwamo mimi.

Lakini kukuletea chupa kumenizidishia mashaka badala ya kunituliza. Nimeiona inatiwa sandukuni mwa mwanamke yule, imefungwa kwenye taulo, nikaionea wivu. Kitu kinakwenda nyumbani na mimi nabaki! Usiku huohuo sikulala, na asubuhi nikaenda kwa mwenye duka kumuomba pasipoti yangu, aliyoifungia tangu nilipofika. Mara mbili huko nyuma alinikatalia, nikarudi kimya kupanga chupa. Safari hii nilikaa mlangoni kwake nikamwambia siinuki. Alifoka, akanywa kahawa, akafoka tena, kisha akafungua kabati lake. Amesema nikiondoka nafasi yangu atampa mwingine. Nimemwambia ampe. Ninapoandika pasipoti iko mfukoni, nainuka kila saa naigusa.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Mabinti wabusu, na Dada Zuhura mwambie matusi yake yamefika salama. Shemeji, mume wake, naye nampa pole kwa kuishi na mdomo ule.

Na wewe, Bi Saada, kipanguse chetezo, utafute makaa mazuri. Siku ukisikia hodi yangu, tia udi, fungua madirisha yote, na lile bovu la uani. Kisha vaa buibui utoke uchochoroni taratibu. Waache waulize, "Saada, kaja?" Safari hii usirudi ndani.

Mumeo,
Seif