Tairi za Kiangazi Mlima Ukiwa Umelowa

Molefi,

Ugali na mboga ya moroho nimefunika. Kabla hujala mgeuze baba yako ubavu, usingoje akuombe.

Asubuhi umeniambia, "Mama, ua zima ni vumbi, hayo matope unayaona wapi?" ukanibamizia mlango, ukarudi kulala. Basi mzee wetu Ntate Mosiuoa ameshuka sasa hivi kutoka mlimani na kondoo wake. Blanketi alilojitanda linachuruzika maji, buti zina tope jeusi hadi magotini. Huku kwetu kukavu, kule juu kumenyesha usiku kucha. Na wewe kwenye baiskeli umefunga tairi za kiangazi, meno mafupi kama ya mtoto mdogo, eti ndizo za mbio za leo mlimani.

~~Fanya utakavyo, umeshakuwa mkubwa.~~

Hapana. Gurudumu la mbele nimeondoka nalo. Nitalivika tairi ya mvua, ile yenye meno marefu. Lifuate kazini kwangu, jikoni shuleni. Ya nyuma iko chini ya kitanda changu, ifunge mwenyewe, upepo usijaze sana.

Baba yako naye, siku ile aliyoanguka mlimani na baiskeli, alitazama vumbi hili hili la uani.

Nichukie, mwanangu. Ila unichukie ukiwa umesimama.

Mama