Vipande Vyote Vimerudi Isipokuwa Gari

Alhamisi, Mikelenge, Kindu. Mvua ya asubuhi imekatika. Hasira yangu bado.

Naandika kwa simu, nimeketi kibarazani kwa marehemu mama, na mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula. Kando yangu kuna injini, imelazwa juu ya mbao mbili na kufunikwa turubai. Kando ya injini kuna giaboksi, kabureta, rimu tano, usukani, na tangu leo mchana, delko. Kila kitu cha Land Rover yangu kipo hapa ila Land Rover yenyewe.

Nimemiliki magari matatu maishani. La kwanza lilikuwa Peugeot pikapu, nililonunua kwa mfanyabiashara wa kahawa nikiwa kijana mwenye majivuno. La mwisho ni Toyota nyeupe niliyo nayo Ujiji, ugenini, ambayo imenifikisha kila nilikotaka kwenda na ambayo sijawahi kuiota hata mara moja. Katikati ya hayo mawili kuna Land Rover ya kijani, shasi ndefu, usukani kushoto kama magari yote ya huku Kongo, yenye vidirisha viwili vidogo chini ya kioo cha mbele. Ukivifungua kwa mkono, upepo unaingia pamoja na harufu ya njia: matope ya Punia, moshi wa mashamba, mvua kabla haijafika.

Hilo ndilo gari. Mengine yalikuwa usafiri.

Kwa wasioijua Kindu ya miaka ya vita, nieleze. Gari zima wakati huo lilikuwa msiba uliosimama uani. Mwenye bunduki akilitaka, analichukua, na mara nyingine anamchukua na dereva. Kwa hiyo tulijifunza kuyaua magari yetu wenyewe. Unatoa viungo vyake kimoja kimoja, unampa kila mtu kimoja, na hakuna anayeambiwa mwenzake ameficha nini. Mtu akipigwa, atataja alicho nacho tu. Orodha nzima inakaa kichwani mwa mwenye gari. Lile gofu linabaki nje, milango wazi, kuku wakitaga kwenye viti. Askari wanafunua boneti, wanatukana, wanakwenda zao.

Nililiua langu pamoja na Ramazani, fundi wangu. Injini na giaboksi tuliziingiza katika stoo yake, akajenga ukuta wa matofali mabichi mbele yake. Rimu zilishuka Lualaba kwa mtumbwi hadi kwa mvuvi mmoja wa Lokandu. Usukani nilimpa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kabureta ilikwenda kwa katekista. Delko, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, nilimpa jirani yangu Yusufu. Kila mmoja alisema maneno yale yale: nitakurudishia mkononi mwako tu.

Gofu nililiacha hapa uani kwa mdogo wangu Amisi. Nani angeiba mifupa?

Kisha mimi mwenyewe nikaondoka kwa miguu, na sikusimama sawasawa hadi nilipoliona ziwa.

Ugenini nilijiwekea picha moja, na picha hiyo ndiyo imenirudisha uzee huu. Mama hakulipenda lile gari, alisema linanuka kama taa. Lakini kila jioni alilisikia kabla halijafika. Pale kwenye kijito, mita chache kabla ya nyumba, nilikuwa narudisha gia ya pili, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuteleka maji ya bukari, ugali wa kwetu. Nilitaka kuiingiza gia ya pili pale kwenye kijito mara moja tu, na kulifikisha gari mlangoni kwake. Najua hayupo. Nilitaka hivyo hivyo.

Nilifika Ijumaa kwa treni na kupanda pikipiki kutoka stesheni. Kwenye kijito, mahali pa yale magogo ya zamani yaliyokuwa yakioza kila masika, nikaona daraja imara la mbao nene. Nikamwambia kijana wa pikipiki kwamba aliyejenga hapa ana akili. Nakumbuka nilisema hivyo. Nakumbuka na sauti niliyotumia.

Tangu siku hiyo vipande vikaanza kurudi. Ramazani, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alibomoa ukuta mbele yangu kwa nyundo, na injini ilikuwa pale ndani, na grisi yake imeganda kama asali ya zamani. Mvuvi wa Lokandu alileta rimu mwenyewe. Mwana wa mwalimu alileta usukani umefungwa ndani ya kanzu ya baba yake. Watu ambao si ndugu zangu, wa dini mbili, waliolala njaa, waliokimbia na kurudi, hawakuuza hata skrubu.

Nililia, naungama. Kisha, Jumatatu, nikamuuliza Amisi gofu, ambalo nilidhani amelihifadhi mahali, liko wapi.

Tulikuwa tunakula. Amisi aliacha tonge mkononi.

"Yaya, tulikulilia," alisema, akiniita kaka kwa lugha ya huku. "Matanga yako tulishamaliza."

Kumbe habari zilikuwa zimefika kwamba nimeuawa njiani. Wakaketi matanga. Ilikuwa vita, hapakuwa na kitu cha kupikia watu, sufuria za nyumbani zilikuwa zimeibwa. Bodi ya Land Rover, kama mnavyojua, ni aluminiamu. Amisi aliipeleka kwa wayeyushaji wanaomimina sufuria kwenye mchanga, na waombolezaji wangu wakapikiwa humo. Siku ya kuvunja matanga, ndugu wakagawana sufuria.

Nikaitazama iliyokuwa mbele yetu, nzito, nyeusi chini, imejaa sombe, kisamvu cha huku.

"Hii njo mulango ya dereva," Amisi alisema. Hakuwa anatania.

Nimekula kutoka mlango wa gari langu siku nne bila kujua. Tena nilikuwa nimeomba kuongezewa.

Milango ningeweza kuisamehe. Mlango hutengenezwa. Nikauliza shasi, yaani ile mifupa miwili ya chuma inayolala sambamba na kubeba gari zima. Amisi akaelekeza kidevu upande wa kijito, na mimi nikaelewa kabla hajasema. Mafuriko yalikuwa yameyabeba magogo. Upande huu wote ukakatika na soko. Akina mama walivuka maji yakiwa kifuani, mizigo kichwani. Amisi akakusanya vijana, wakailaza shasi katikati, gogo moja kila upande, mbao juu. Siku hizi hata gari dogo linapita.

Hivyo ndivyo ilivyo. Waliokuwa majirani walinitunzia. Ndugu yangu wa tumbo moja alinirithi.

Ramazani anasema shasi nyingine inaweza kupatikana Bukavu. Nimemwambia aache. Namba ya gari imegongwa kwenye shasi. Ukibadili shasi umenunua gari jingine na kulivisha injini ya marehemu. Anayependa magari atanielewa, na asiyependa ataniona mjinga, na wote wawili wana haki.

Tangu Jumatatu, basi, sipiti darajani. Nikienda ng'ambo, navua viatu, nakunja suruali, naingia majini. Akina mama wanaoloweka mihogo pale chini wamepata mchezo wao wa wiki. Jana mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia: "Muache muzee apite mu maji. Akiikanyaga, itapiga honi." Wakacheka hadi beseni ikawaponyoka. Nikawaamkia kwa heshima zote na kuendelea, maji magotini, viatu mkononi, kama mtu mwenye shughuli.

Kinachonichosha si kicheko. Kinachonichosha ni kwamba hakuna anayenipinga. Nilikwenda kwa mkubwa wa mtaa nikiwa nimejiandaa kugombana, nina hoja, nina hata kadi ya gari ya zamani. Alinisikiliza, akaniambia chuma ni changu, nikitaka nikibebe, wao watarudisha magogo. Amisi amesema vivyo hivyo. Mihogo ikinunuliwa, pikipiki ikipita, mgonjwa akibebwa, wote wanasema: chuma ni cha mzee, atakavyo. Laiti wangekataa. Ukikataliwa unapigana na usiku unalala. Mimi nimepewa haki yangu yote, imenikaa mkononi kama kaa la moto.

Kwa hiyo nilipanga. Kesho Ijumaa, baada ya swala, Ramazani aje na vijana, kamba na nguzo, tuing'oe.

Leo mchana, mvua ilipokatika, amekuja Mama Feza, mjane wa Yusufu. Amehamia ng'ambo kwa bintiye, ndiyo maana amechelewa kusikia kwamba niko hai. Alishika kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa delko, imelowa mafuta ya mawese hadi imekuwa nyekundu. Amekuwa akibadilisha mafuta kila mwaka tangu mumewe afe, bila kujua kidude hicho kinafanya kazi gani.

Nikanyoosha mkono kupokea kopo. Akalivuta nyuma.

"Hapana. Bwana yangu alisema mukononi." Akaitoa delko yenyewe, inachuruzika, akaiweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu kwa vidole vyake. "Sasa nimemaliza."

Nilimpa kiti. Akatazama injini, rimu, usukani, kila kimoja, akauliza kama ni kweli kamba zinakuja kesho. Nikasema ni kweli. Akafikiri kidogo, mkono shavuni. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia njia:

"Ukitoa kilalo, ile motokari itapita wapi kufika hapa?"

Kilalo ndilo daraja, kwa lugha ya huku.

Nikainuka nikamletea maji. Si kwamba swali lilinishtua. Nililijua tangu Jumatatu. Magogo ya siku hizi ni membamba, miti minene imekwisha karibu na mji. Yatabeba mtu na baiskeli yake, basi. Nikiliunga gari uani hapa, halitatoka kamwe. Nikiliunga ng'ambo, litazunguka mjini na kufika kwenye kijito, na pale litasimama, linaitazama nyumba. Gari likiwa zima, njia imekufa. Njia ikiwa nzima, gari limekufa. Nilikuwa nimelizunguka jambo hili siku nne nikitumaini hakuna mtu atakayelisema kwa sauti.

Mama Feza alikunywa maji, akaaga. Nilimsikia akivuka: mbao zile zina mlio wake, mbili nzito, kisha nyepesi mfululizo. Kutoka kibarazani hapa unasikia wazi nani anakuja. Mpika bukari angepata muda wa kutosha.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Wanadhani naingia majini kwa sababu ya hasira, au kwamba naogopa kuikanyaga. Mwanzoni ilikuwa hasira. Lakini kutoka majini ninaiona. Juu imefunikwa mbao, huoni kitu. Chini, maji yakiwa magotini, ile shasi iko usawa wa macho yangu. Mfupa wa kushoto una kovu. Ulikatika kwenye njia ya Punia, na Ramazani aliuchomelea pale pale njiani kwa umeme wa betri za lori, mimi nikimshikia mwavuli, mvua ikitupiga. Kovu baya, nene, lisilonyooka. Limeshika. Kila siku napita hapo polepole na kuligusa kwa kidole gumba, huku akina mama wakinicheka. Nimegundua na jambo jingine: Amisi aliilaza pua yake ikielekea huku nyumbani. Sijui kama alikusudia. Sitamuuliza, kwa sababu bado nimemkasirikia, na nina mpango wa kuendelea kumkasirikia muda fulani.

Naye anajua. Ameniletea chai, akaiweka juu ya giaboksi. Nikamwambia giaboksi si meza. Akaitoa.

Hizi pikipiki zinaendelea kupita. Nahesabu milio ya mbao bila kutaka.

Basi iandikwe kwamba sijaridhika. Nimesafiri ziwa na reli kufuata kitu kimoja, nimepewa vyote isipokuwa hicho, na wa kulaumiwa simpati: si mto, si Amisi, si wale waliopeleka habari za kifo changu. Sijui injini hii nitaifanyia nini. Delko bado naishika, kiganja kimeshika wekundu usiotoka kwa sabuni.

Ila kesho asubuhi, kabla ya swala, lazima nivuke nikamwambie Ramazani asilete kamba. Sitavua viatu. Kwenda, nitapita popote. Kurudi, nitapita kushoto, upande wa dereva.